Waya wa Breki

Kila Jumamosi, adhana ya alfajiri inapokwisha na Mji Mkongwe ungali gizani, tunatoka majumbani tukisukuma baiskeli kwa mkono. Ndani ya vichochoro hatupandi. Njia ni nyembamba, na mtu akitoka ghafla mlangoni mwake hakuna pa kumpisha. Tunasukuma mpaka Mkunazini, nje ya lango la Kanisa Kuu, na hapo tunahesabiana. Tukishatimia tunasali sala fupi, tunawasha taa zetu ndogo, kisha tunatokea Darajani wakati wauza samaki wanashusha matenga yao.

Sisi ni watu sita wa kanisa moja: mwalimu wa skuli, muuguzi, seremala, wawili wa kazi za ofisini, na mmoja anayetembeza wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushinda mbio. Tulianza wawili, kwa ajili ya afya, tukawa watatu, na kabla hatujajua tumekuwa kundi ambalo watoto wa Bububu wanalijua na kulikimbilia barabarani wakipiga kelele. Jumapili hatuendeshi. Jumapili ni ya Bwana, na miguu yetu nayo inahitaji Sabato.

Baiskeli zetu ni za mtumba, zilizoshuka bandarini ndani ya makontena pamoja na majokofu na magodoro. Ni zile za barabarani, tairi zake nyembamba kama kidole gumba na usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Siku za wepesi tunakwenda Fumba na kurudi. Tukiwa na nguvu tunakwenda Nungwi, karibu kilomita 60 kwenda tu, kupitia Mahonda na Kinyasini. Mara nyingine tunaelekea Jozani, ambako barabara imewekwa matuta ili magari yasiwagonge kima punju, na sisi pia tunapunguza mwendo na kuwatazama wakivuka juu ya miti. Miezi ya kusi upepo hutupiga usoni tukielekea Paje, na tukirudi hutusukuma mgongoni. Mmoja wetu husema hiyo ndiyo maana ya neema: ni upepo uleule, wewe ndiye uliyegeuka.

Lakini asikudanganye mtu kwamba baiskeli ni kuendesha tu. Kuendesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitunza, na kisiwani nusu hiyo ni kubwa. Chumvi ya bahari haionekani, lakini iko kila mahali. Ukiiweka baiskeli wiki mbili barazani bila kuigusa, utaikuta skrubu zimekuwa na rangi ya chai. Mchanga wa pwani unaingia kwenye cheni na kuisaga kama tupa. Mvua za masika zinaosha grisi yote kwenye gololi. Na kokoto za mawe ya matumbawe kando ya barabara zina ncha kama wembe.

Mambo haya yote tulifundishwa na fundi wetu. Ni mzee wa upande wa Darajani, Mwislamu mwenye kushika dini yake, na anakaa na masanduku yake ya spana kwenye kibaraza cha duka lililofungwa zamani. Alikuwa akitengeneza Phoenix za wauza maziwa na wakulima wa shamba kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Siku ya kwanza tulipompelekea baiskeli zetu alizinyanyua moja moja kwa kidole, akacheka, akasema, "Wanangu, hizi zimekonda. Hamzilishi?" Tangu siku hiyo tunamwita babu, naye anatuita wanangu, tukifika tunamwamkia shikamoo, na hakuna spana inayoshikwa kabla hatujaulizana habari za nyumbani.

Babu alitufundisha kwamba ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu. Kwanza pitisha kidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, mpaka uupate mwiba. Usipoutoa mwiba, tyubu mpya itatoboka palepale. Alitufundisha kwamba mafuta ya nazi hayafai kwenye cheni kwa sababu yanashika vumbi na kuganda. Bora mafuta mepesi ya cherehani, kidogo, na kisha uyafute kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kama haikupakwa kitu. Alitufundisha kuipima cheni kwa rula: pini 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi hata kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, na ukiing'ang'ania itakula meno ya gia zote.

Na alitufundisha juu ya waya wa breki. Waya ule, alisema, si uzi mmoja. Ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa. Haukatiki kwa mara moja. Unaanza uzi mmoja, tena unaanzia pale usipopaona, juu kabisa, ambako kichwa cha waya kimejificha ndani ya mkono wa breki. Siku utakapouona umechanua kama ufagio, jua kwamba umekuwa ukikatika kwa muda mrefu. Kwa hiyo usisubiri kuuona. Ufungue, uuangalie.

Ndugu msomaji, tunayaeleza haya kwa urefu ili usije ukadhani kwamba hatukujua. Tulijua.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingiliana. Mjini mchana mikahawa ilikuwa imefungwa, na sisi nasi tulikuwa na mfungo wetu. Barabarani tulikuwa hatunywi maji mbele za watu. Tulitafuta pembe, tukanywa tukiwa tumegeuka. Tulikuwa tumejiona wema sana msimu ule. Tulikuwa na baiskeli ya saba, tuliyoichangia kwa pamoja ili vijana wa kanisa wasio na zao waweze kutoka nasi kwa zamu. Kijana aliyeipenda zaidi alikuwa mmoja wa kwaya, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mjane wa Kikwajuni ambaye tunamheshimu sote. Mama huyo hupika vitumbua alfajiri na kuviuza, na kwa vitumbua hivyo amemsomesha mwanawe. Kijana alikuwa amemaliza mafunzo ya hoteli na ameahidiwa kazi ya pwani ya mashariki, aanze mwezi wa sita msimu wa wageni unapofunguka. Baiskeli ilikuwa furaha yake ya kungojea.

Ijumaa moja ya Kwaresima, alasiri, wawili wetu waliipeleka baiskeli ya saba kwa Babu kwa sababu breki ya mbele ilikuwa nzito. Babu alifungua mkono wa breki, akauangalia waya, akatuonyesha. Nyuzi tatu au nne zilikuwa zimekatika, na kutu imeingia ndani. "Waya huu umekwisha," alisema. "Mimi sina mwengine, na maduka ya spea yameshafunga, watu wanakwenda kufuturu. Iacheni hapa. Kesho saa nne nitautafuta."

Lakini kesho alfajiri tulikuwa na safari. Tulikuwa tumeipanga wiki tatu: kupitia Kizimbani na mashamba ya viungo, kushuka Kidichi, kurudi kwa njia ya Bububu. Kijana alikuwa ameambiwa. Tukamwambia Babu kwamba tutaichukua, tutakwenda pole pole, na Jumamosi mchana tutairejesha. Babu hakubishana. Alifunga ile skrubu, akatukabidhi baiskeli, akasema, "Nimekwambieni." Usiku ule wale wawili waliwapigia simu wengine, wakasema waya si mzuri sana. Tukajibizana kwamba breki ya nyuma ipo, kwamba njia tunaijua, kwamba Mungu atatulinda. Hakuna aliyesema tuahirishe. Hakuna aliyempigia kijana simu.

Asubuhi tulisali langoni kama kawaida. Tuliomba ulinzi. Tunakumbuka vizuri, kwa sababu mmoja wetu aliomba kwa maneno mazuri kuliko siku zote.

Mvua ilitukuta Kizimbani. Haikuwa kubwa, ilikuwa ile ya kunyunyiza inayotangulia masika, lakini ilitosha kulowesha ringi. Anayejua breki za raba atatuelewa: ringi ikilowa, raba inateleza kabla haijashika, na breki ya nyuma peke yake haina nguvu ya kumsimamisha mtu kwenye mteremko, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unakwenda mbele. Kisiwa chetu hakina milima, lakini kile kilima cha kutoka Kidichi kushuka Bububu kinatosha. Kijana alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mbele ikatokea gari ya ng'ombe imebeba nazi, ikiingia barabarani taratibu. Wa kwanza akapunguza, wa pili akapunguza. Kijana akaminya. Tulisikia mlio mdogo tu, kama mtu aliyekata uzi kwa meno. Kisha akapita kati yetu, akaikwepa gari, akaingia kando kwenye mawe, akaanguka kwa bega.

Muuguzi wetu alimfikia wa kwanza. Kofia ngumu ilikuwa imepasuka, lakini kichwa kilikuwa salama. Mtulinga ulikuwa umevunjika, ukaonekana umeinuka chini ya ngozi. Kijana hakulia. Alisema tu, "Samahanini, nimeiharibu baiskeli."

Tulimpakia kwenye gari ya mtu mwema aliyesimama, tukaenda hospitali, mkono ukatundikwa shingoni. Kisha tukaenda Kikwajuni, sote sita, tumelowa na tuna matope, kumwambia mama yake.

Njiani hatukupanga cha kusema. Hilo nalo ni kweli. Lakini mama alipotoka mlangoni na kushika kichwa, mmoja wetu akasema, "Mama, pole. Ni ajali tu. Ajali haina kinga." Mwengine akaongeza kwamba mvua ilinyesha, njia iliteleza. Wa tatu akasema ni mapenzi ya Mungu, na tumshukuru kwa kuwa amemwokoa. Mama akakaa kitako kwenye ngazi, akainua mikono, akasema, "Ahsante, Bwana." Na sisi tukaitikia amina.

Ajali haina kinga. Kila Mswahili amelisema neno hilo msibani na hospitalini, na mara nyingi ni neno la huruma. Linamzuia mtu asijitese kwa jambo asiloliweza. Sisi tulilitumia kama mtu anavyotumia kanga kufunika kitu asichotaka kionekane.

Wiki ile tulichanga fedha, tukampelekea mama bahasha. Jumapili ya Matawi, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa zima na matawi mkononi, akawashukuru "vijana wa baiskeli" kwa upendo wao. Watu wakapiga makofi. Tulitazama chini, na waliotuona walidhani ni unyenyekevu.

Ukiingia katika Kanisa Kuu letu, mbele ya madhabahu utaona mviringo kwenye sakafu ya marumaru. Unaonyesha mahali paliposimama nguzo ambayo watumwa walichapwa, kwa maana kanisa hili limejengwa juu ya soko. Soko lilifungwa mwezi wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa. Wageni wanaletwa kila siku kuuona mviringo ule. Sisi tumeuzoea, tunaupita tukienda kupokea Komunio. Lakini siku ya Pasaka, tukiwa kwenye mstari, mwenzetu anayetembeza wageni aliuona kama kwa mara ya kwanza. Alituambia baadaye kwamba amewaeleza wageni habari za mviringo ule mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na hata mara moja hajawahi kuwaambia kwamba yaliyofanyika pale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Hakuna mtu anayeweza kuyasema hayo mahali pale. Yalifanywa na mikono ya watu. Mungu alikuwa upande wa waliofungwa. Basi kwa nini, akatuuliza, mtulinga wa yule kijana tumemtwisha Mungu?

Hatukuwa na jibu. Lakini hatukwenda Kikwajuni. Tulibishana. Mmoja alisema tukisema sasa tutamuumiza mama mara ya pili, na yeye ameshapata amani. Mwengine alisema ataungama kwa padri, na hilo linatosha, kwa sababu dhambi ni kati ya mtu na Mungu wake. Mwengine akauliza, tena kwa sauti ya chini, kama tutaweza kulipa ikiwa tutadaiwa. Wale wawili waliokuwa kwa Babu walinyamaza. Wiki zikapita. Jumamosi tulisema tumechoka, na kweli hatukuendesha.

Baiskeli ya saba ilikuwa bado imeegeshwa kwa seremala, usukani umepinda. Mwishoni tuliipeleka kwa Babu. Idi ilikuwa imekwishapita. Alishika ule waya uliokatika, akauzungusha kati ya vidole. Hakutulaumu. Akauliza, "Kijana hajambo?"

"Hajambo, Babu. Mfupa unaunga."

"Na mamaake anaujua waya huu?"

Tukanyamaza. Akauweka waya juu ya sanduku lake.

"Ajali haina kinga," alisema, "lakini waya huu ulikuwa na kinga. Ulikuwa dukani." Kisha, baada ya kitambo, akasema kwa upole, "Mwaka huu nilisikia na nyinyi mlifunga pamoja nasi. Wanangu, mlifunga nini?"

Tumesikiliza mahubiri mengi ya Kwaresima katika maisha yetu. Hilo la Babu lilikuwa fupi kuliko yote, na bado hatujamaliza kulijibu.

Jioni ile seremala wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitusomea sehemu mbili. Ya kwanza ni katika Kutoka sura ya 21, habari za ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe. Ng'ombe akimuumiza mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama mwenyewe alikuwa ameonywa na hakumfunga, sheria inabadilika, na hatia inakuwa juu yake. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo na kuiruka, kama watu wanavyoruka sheria za kale za mifugo. Kumbe ilikuwa inazungumza habari za baiskeli. Ya pili ni katika Mathayo sura ya 5, pale Bwana Yesu anapomwambia mwenye kuleta sadaka, akikumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana. Seremala akafunga kitabu, akasema, "Haikuandikwa kwamba amwambie padri, halafu abaki palepale."

Tulikwenda kesho yake. Njiani wale wawili walisema watakuwa wao wa kusema, kwa kuwa wao ndio walioonywa. Tulisimama pale Mnazi Mmoja, chini ya mti, tukaligeuza neno hilo. Ni kweli wao ndio waliokuwa kwa Babu. Lakini simu zilipigwa usiku, na sote tulipokea. Tulikubaliana kwamba tukifika hakuna atakayesema "mimi" wala "wao." Hata insha hii tumeiandika hivi kwa sababu hiyo.

Mama alitukaribisha kwa furaha, akaleta vitumbua. Hatukuvigusa. Tulimwambia yote kwa mpangilio: waya, onyo la Babu, simu za usiku, sala ya langoni, mlio mdogo kwenye mteremko. Kijana alikuwa amekaa pembeni, mkono bado shingoni, akatutazama kwa mshangao. Yeye naye alikuwa hajui. Kwa wiki zote zile alikuwa akidhani kosa ni lake, kwamba aliminya breki vibaya.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani aliyeambiwa?"

"Sote, mama."

"Wiki tano," alisema, "namshukuru Mungu mbele za watu. Na usiku peke yangu namuuliza, Bwana, nimekosa nini hata mwanangu avunjike wakati kazi imepatikana. Namuuliza Mungu. Kumbe jibu lilikuwa kwenu, na mnakuja kula vitumbua vyangu."

Tuliomba msamaha. Hakusema ametusamehe. Alisimama, akachukua sahani ya vitumbua, akaifunika. "Nendeni," alisema. "Mkitakiwa mtaitwa."

Ndugu zetu, tulikuwa tumesoma kwamba kuungama kunaleta wepesi. Hatukupata wepesi. Tulipata wiki nyingi za Jumapili ambazo, wakati wa kupeana amani, mama yule aligeukia upande mwengine. Habari zilienea kanisani, na wale waliotupigia makofi walitutazama kwa namna nyengine. Tulikwenda kwa padri, tukamwomba aseme kwenye matangazo kwamba ile bahasha haikuwa sadaka ya upendo bali ilikuwa sehemu ya deni. Alituambia tuseme wenyewe. Tulisema. Na mwezi wa sita ulipofika, hoteli haikuweza kungoja bega lipone, kazi ikapewa mtu mwengine. Msimu mzima ukampita. Tulilipa gharama za tiba, na kila mwezi tulipeleka sehemu ya ule mshahara ambao angeupata, lakini mwaka wa ujana wa mtu haurudishwi kwa bahasha. Bega lake la kushoto mpaka leo haliinuki sawa na la kulia. Anapoimba kwaya na wenzake wakiinua mikono, unaliona.

Tunaandika hayo ili tusiifanye toba kuwa kama kiraka na solusheni, kwamba ukipaka na kungoja dakika tano, hewa haitoki tena. Kuna kilichopotea. Lakini kuna kilichopona pia, na tutakuwa waongo tena tukikinyamazia. Siku ileile tuliyofukuzwa, kijana alitufuata mpaka barabarani. Alisema, "Kwa hiyo niliminya sawasawa?" Tukamwambia ndiyo, uliminya sawasawa, breki ndiyo haikuwepo. Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kweli yetu haikutupa sisi wepesi, ilimpa yeye. Tungeendelea kuificha, angezeeka akijiona mzembe kwa uzembe wetu.

Mwezi wa tisa mama alituita. Alitaka aione baiskeli. Babu alikuwa ameshainyoosha usukani na kuitia waya mpya, mbele na nyuma. Tukampelekea Kikwajuni. Aliizunguka, akaiinamia, akatuuliza waya uko wapi. Tukamwonyesha. Akaminya mkono wa breki mara tatu, akamwita mwanawe aje aminye. Kisha akasema kwamba kijana anataka kuendesha tena, na yeye hatamzuia. Ila baiskeli ya saba kila Ijumaa usiku italala nyumbani kwake. "Nimesamehe," alisema. "Lakini breki nitaziminya mwenyewe."

Mpaka sasa ndivyo ilivyo. Kijana alipata kazi msimu uliofuata, na wiki anazorudi mjini baiskeli hulala Kikwajuni. Mama huamka alfajiri kwa ajili ya vitumbua vyake, na kabla ya kuwasha moto huminya breki mbele na nyuma.

Sisi pia tumebadilisha kitu kimoja langoni Mkunazini. Zamani tulihesabiana, tukasali, tukaondoka. Sasa tukishahesabiana kila mmoja anasimama nyuma ya baiskeli ya mwenzake, si ya kwake, kwa sababu ya kwako utaihurumia. Anaminya breki, anabonyeza tairi, anazungusha cheni, anatikisa usukani. Akiona ubaya anasema, na mwenye baiskeli anarudi nyumbani bila ubishi. Tumewahi kurudisha watu watatu siku moja. Baada ya hapo ndipo tunasali. Na sala yenyewe imekuwa fupi, kwa sababu sehemu ya ombi la ulinzi tumeshalijibu kwa mikono tuliyopewa.

Ndani ya kanisa letu, karibu na mahali pa ubatizo, kuna nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere aliporudi kutoka safari alizikuta hivyo, na zikaachwa hivyohivyo. Wageni wanacheka wanapoonyeshwa. Kosa lile halikufichwa kwa chokaa, na labda ndiyo maana halimdhuru mtu. Nyumbani mwako, ndugu msomaji, huenda hakuna baiskeli. Lakini kuna ngazi iliyolegea, kuna waya wa umeme uliochubuka, kuna neno ulilolisema mahali na mtu analibeba akidhani ni lake. Mtu ameshakuonya. Usingoje lichanue kama ufagio. Na kama limeshakatika na mtu ameanguka, usimtwike Mungu. Nenda Kikwajuni kwako, uwe tayari kufukuzwa, useme.

Mungu atupe macho ya kuona pale juu, waya unapoanzia kukatika.